Fonti ya Msomaji, Usimbaji wa Mwandishi: Upangaji wa Maandishi katika Barua Pepe kwa Watumiaji wa Kiswahili na Lugha za Singida

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya fonti na usimbaji wa herufi katika programu za barua pepe, na yanaonesha kwa nini tofauti hiyo ina uzito kwa mwandishi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Mkoa wa Singida. Hoja inayojengwa ni kwamba fonti huamuliwa upande wa msomaji, ilhali usimbaji huamuliwa upande wa mwandishi. Kwa hiyo, anayetaka jina la mtu au la mahali lifike salama hana budi kuushughulikia usimbaji kwanza. Mifano imetolewa katika ritifaa ya ng', katika irabu za Kinyaturu na za lugha jirani, na katika tasnifu za isimu zilizochapwa kwa fonti za zamani.

1.0 Usuli wa Tatizo

Utemini ni kata mojawapo ya Manispaa ya Singida. Barua pepe zinazoandikwa katika ofisi, shule na steshenari za mji wa namna hiyo huandikwa zaidi kwa Kiswahili, na kwa kawaida husomeka zikifika. Hapo ndipo tatizo linapojificha. Kiswahili sanifu hakina herufi yenye alama juu wala chini yake. Herufi zake zote zimo katika orodha ya alama 128 iitwayo ASCII, iliyochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo mwaka 1967. Takribani kila usimbaji uliotumika baadaye katika barua pepe uliziacha alama hizo katika nafasi zilezile. Matokeo yake ni kwamba programu iliyopangwa vibaya inaweza kupeleka barua za Kiswahili kwa miaka mingi bila kuonesha kosa lolote. Mtumiaji wa Kifaransa au wa Kiarabu huligundua kosa siku ya kwanza. Wa Kiswahili huligundua siku anapomtaja ng'ombe.

Chukuliwe mfano wa karani aliyeko Utemini anayeandika barua kuhusu ng'ombe wanaosafirishwa kutoka Mang'onyi, wilayani Ikungi. Barua inapofunguliwa Dodoma, mpokeaji anakuta "ngâ€™ombe" na "Mangâ€™onyi". Anamjibu karani kuwa fonti yake ni mbovu, aibadilishe. Karani anaacha Times New Roman na kuchagua Arial, kisha anatuma upya. Mpokeaji anaona uchafu uleule, sasa kwa Arial. Karani anajaribu fonti ya tatu. Kila jaribio halina budi kushindwa, kwa sababu fonti haikuhusika tangu mwanzo, na ushauri uliotolewa, ingawa ndio unaotolewa mara nyingi zaidi, ulielekezwa mahali pasipo na ugonjwa.

2.0 Namba na Picha

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Usimbaji ni makubaliano ya namba ipi isimame badala ya herufi ipi, na namba hiyo iandikwe kwa baiti ngapi. Katika ASCII, herufi "a" ni 97, na makubaliano hayo hayajabadilika. Alama zilizo nje ya zile 128 ndizo zilizogawa watu. Usimbaji wa ISO 8859-1 uliongeza herufi za Ulaya Magharibi. Kampuni ya Microsoft ikautanua katika Windows-1252 kwa kujaza nafasi zilizokuwa zimeachwa kwa ajili ya amri za mashine. Waarabu, Warusi na Wagiriki wakawa na orodha zao. Baiti moja yenye thamani ileile ilimaanisha herufi moja Paris na nyingine Cairo. Yunikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudiwa kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake ya pekee. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti moja hadi nne. Alama za ASCII hubaki na baiti moja, na nyingine zote hupata mbili au zaidi.

Fonti ni jambo jingine kabisa. Ni mkusanyo wa picha za herufi, na kazi yake huanza pale ambapo namba imekwisha kutambuliwa. Ikiwa namba imetambuliwa kimakosa kuwa "â", fonti nzuri kuliko zote itachora "â" nzuri kuliko zote.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika safari ya barua. Barua pepe haibebi fonti. Mwandishi anapochagua fonti, kinachosafiri ni jina la fonti tu, tena katika barua zenye mapambo peke yake. Barua ya maandishi matupu haibebi hata jina. Mashine ya mpokeaji hulitafuta jina hilo katika fonti zake, na isipolipata huchukua nyingine inayofanana nayo. Usimbaji, kwa upande mwingine, umo ndani ya barua yenyewe: ndio baiti zilizotumwa, pamoja na mstari katika kichwa cha barua unaotangaza jinsi ya kuzisoma, kwa mfano charset=UTF-8. Mstari huo ulitokana na kanuni za MIME, zilizotolewa mwaka 1992 na kupangwa upya mwaka 1996, kwa sababu kanuni za awali za usafirishaji wa barua, za mwaka 1982, zilikuwa zimejengwa juu ya ASCII peke yake. Kwa hiyo mwandishi ana mamlaka kamili juu ya usimbaji na karibu hana mamlaka yoyote juu ya fonti. Msomaji naye ana mamlaka juu ya fonti, lakini juu ya usimbaji anaweza tu kukisia.

3.0 Ritifaa ya ng'

Kwa nini Kiswahili, chenye herufi zilizo salama hivyo, kinapata madhara? Kwa sababu ya alama moja. King'ong'o cha kaakaa laini huandikwa ng', na ritifaa hiyo si pambo: hutenganisha ng'oa na ngoa, ng'ara na Ngara. Historia ingeweza kwenda vinginevyo. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa na makao London, ilipendekeza katika mwongozo wake wa tahajia, uliorekebishwa mwaka 1930, kwamba sauti hiyo iandikwe ŋ. Kiswahili sanifu kilibaki na ng', alama ambayo taipureta yoyote ilikuwa nayo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa zama za taipureta, na ungebaki hivyo laiti kompyuta zingeendelea kuandika ritifaa iliyonyooka.

Hazikuendelea. Ritifaa iliyonyooka (') ni alama ya ASCII, namba 39, na hupita salama popote. Lakini programu za uandishi, zikifuata desturi ya wachapaji wa Ulaya, huibadilisha kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda (’), ambayo katika Yunikodi ni U+2019 na haimo kabisa katika ASCII. Mwandishi amebonyeza kitufe kilekile alichokibonyeza siku zote. Kilichoingia katika barua ni kitu kingine. Katika Windows-1252 ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 92 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Katika UTF-8 ni baiti tatu: E2, 80 na 99.

Kutokana na hapo, kila aina ya uharibifu ina alama yake, na mtafiti au karani anayezijua anaweza kutambua chanzo kwa kuitazama barua tu. Ikionekana "Mangâ€™onyi", barua iliandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kama Windows-1252: baiti tatu zimesomwa kuwa herufi tatu, yaani â, € na ™. Ikionekana "Mang�onyi", yenye alama ya swali ndani ya almasi, ni kinyume chake: baiti 92 imesomwa na programu inayotarajia UTF-8, ikashindwa kuielewa. Katika hali hizi mbili hakuna kilichopotea. Baiti ziko kamili ndani ya barua na zinaweza kusomwa upya.

Hali ya tatu ni mbaya zaidi, ingawa kwa macho inaonekana ya kistaarabu: "Mang?onyi". Alama ya swali ya kawaida humaanisha kwamba programu ya mwandishi iliambiwa itume kwa usimbaji usio na alama hiyo, nayo ikaandika "?" mahali pake. Herufi ya asili haimo tena katika barua. Hakuna mpangilio wowote upande wa mpokeaji utakaoirudisha.

Ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote kwa kuwa haionekani. Iwapo baiti 92 itasomwa kwa kufuata ISO 8859-1 kikamilifu, nafasi hiyo ni ya amri ya mashine isiyo na umbo, na neno huweza kuonekana "Mangonyi". Programu nyingi za barua hulisamehe kosa hili kwa kuisoma ISO 8859-1 kana kwamba ni Windows-1252, lakini si zote, na mifumo ya kumbukumbu inayopokea barua hizo haina desturi moja. Msomaji asiyeijua Singida atalitamka jina jinsi lilivyoandikwa, atalinakili hivyo, na kijiji kitaingia katika orodha kwa jina lisilo lake. Hakuna alama itakayomwonya.

Kuna pia uharibifu unaozaliana. Mpokeaji aliyeona "â€™" akajibu bila kusahihisha, huzituma alama hizo tatu kama herufi halali. Zikisomwa tena kimakosa, huwa nane: "Ã¢â‚¬â„¢". Mnyororo wa barua uliopita ofisi kadhaa huweza kuonesha, kwa urefu wa takataka zake, ni mara ngapi kosa limerudiwa.

Hata pale ambapo kila kitu kinasomeka, utafutaji unaweza kushindwa. Kwa macho ', ’, ‘, ʼ na ´ hukaribiana sana, kwa mashine ni namba tano tofauti, na wachapaji huzitumia zote. Anayetafuta jina lenye ng' kwa ritifaa iliyonyooka katika barua zilizoandikwa kwa iliyopinda anaweza kujibiwa kwamba jina hilo halipo. Mwenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w- anaweza kuwa na barua mbili katika sanduku moja, na kila moja isijue kuwa nyingine ipo.

4.0 Irabu za Kinyaturu na za Jirani Zake

Hadi hapa imezungumziwa alama moja. Mtu akitoka katika Kiswahili na kuingia katika lugha za Singida, hali hugeuka. Kinyaturu, ambacho wenyewe pia hukiita Kirimi, kina irabu saba, si tano, Kinyiramba vilevile. Howard S. Olson, mmisionari wa Kilutheri, alikieleza Kinyaturu katika utafiti wake wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi uliotolewa mwaka 1964. Alfabeti ya Kiswahili haina herufi za irabu mbili za ziada. Mwandishi anayezitenganisha huhitaji herufi za nje, na wanaisimu kwa kawaida hutumia ɪ na ʊ. Jirani upande wa mashariki, katika eneo la Kondoa, maandishi ya Kilangi hutumia ɨ na ʉ. Kenya, Gĩkũyũ hutumia ĩ na ũ. Lugha tatu zina mifumo ya irabu inayokaribiana na suluhisho tatu za tahajia, na hakuna hata moja iliyo ndani ya ASCII au Windows-1252.

Hapa mwandishi hana njia ya kukwepa. Ritifaa iliyopinda inaweza kurudishwa kuwa iliyonyooka. Ɨ haina mbadala usiobadili maana. Neno Kɨlaangi likitumwa kwa UTF-8 na kusomwa kama Windows-1252 huwa "KÉ¨laangi", na Gĩkũyũ huwa "GÄ©kÅ©yÅ©". Likitumwa kwa ISO 8859-1 huwa "K?laangi", na irabu imekwisha kupotea kabla barua haijaondoka. Data ya msamiati iliyokusanywa kwa wiki kadhaa vijijini inaweza kupoteza tofauti ileile iliyokusudiwa kuchunguzwa, tena kwa namna ambayo irabu mbili tofauti zote huwa "?" moja.

Kisandawe na Kihadza huongeza ugumu wa aina yake. Kihadza husemwa kandokando ya Ziwa Eyasi, ikiwemo sehemu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, na Kisandawe upande wa Dodoma. Lugha zote mbili zina sauti za vidoko. Tahajia za matumizi ya kawaida huziandika kwa c, q na x, ambazo ni salama. Wanaisimu huziandika kwa ǀ, ǁ na ǃ. Alama hii ya mwisho ni U+01C3, herufi kamili ya Yunikodi, lakini inafanana kabisa na alama ya mshangao. Mwandishi mwenye haraka huandika alama ya mshangao, na barua husomeka bila tatizo. Tatizo huanza baadaye, pale programu inapoihesabu alama ya mshangao kuwa mwisho wa sentensi na kuligawa neno vipande viwili.

Ni katika lugha hizi ambapo fonti hatimaye huwa na hatia halisi. Barua iliyotumwa na kusomwa kwa UTF-8 inaweza bado kuonesha kisanduku kitupu, □, mahali pa ʉ. Kisanduku hicho si uharibifu. Ni ungamo la mashine kwamba namba imeeleweka lakini picha yake haipo. Dawa yake iko kwa msomaji: aweke fonti yenye picha hiyo. Fonti za SIL kama Charis, Doulos na Gentium zina herufi hizo, na hutolewa bure. Nyingine ya shirika hilohilo, iliyokusudiwa kwa wanaojifunza kusoma, inaitwa Andika, na jina hilo limechukuliwa kutoka katika Kiswahili. Fonti za Noto zilizotolewa na Google nazo zinafaa. Mtafiti akimtumia msimamizi wake barua yenye data ya Kinyaturu, hawezi kumwekea fonti. Anachoweza ni kumwambia aipakue.

Jambo moja zaidi kuhusu toni. Herufi ĩ ina namba yake moja, lakini pia inaweza kuundwa kwa i ikifuatiwa na alama ya kiwimbi inayosimama juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa baiti ni vitu viwili. Irabu ɨ yenye alama ya toni ya juu haina namba moja iliyotayarishwa. Ni lazima iundwe kwa namba mbili. Fonti isiyoandaliwa kwa kazi hiyo huiangusha alama ya toni pembeni au juu ya herufi inayofuata, na katika lugha ya toni kama Kinyaturu kosa hilo hubadilisha neno. Hili tena ni suala la fonti. Kutofautiana kwa umbo moja na maumbo mawili ni suala la usimbaji, na huathiri utafutaji kama ilivyo kwa ritifaa.

5.0 Mipangilio Yenyewe

Katika Microsoft Outlook ya mezani, usimbaji wa barua zinazotoka hupatikana katika chaguo za programu, sehemu ya mambo ya juu, chini ya kichwa cha mambo ya kimataifa. Huko kuna kisanduku kinachoiruhusu programu ijichagulie usimbaji yenyewe. Kisanduku hicho ndicho chanzo cha mengi yaliyoelezwa hapo juu. Programu ikiachiwa uamuzi, barua yenye ASCII tupu huweza kwenda kwa ASCII, na ile yenye ritifaa iliyopinda kwa usimbaji wa Ulaya Magharibi, kwa hiyo barua mbili za karani mmoja siku moja zinaweza kuwa na usimbaji tofauti. Kisanduku kiondolewe alama, na usimbaji unaopendelewa uwekwe UTF-8. Fonti ziko mahali pengine kabisa, chini ya mipangilio ya barua, na zimegawanywa katika barua mpya, majibu, na barua za maandishi matupu. Kutenganishwa huko kwa kurasa mbili kunalingana na hali halisi, ingawa kunachangia watu wengi kutoufikia ukurasa wa kwanza.

Katika Thunderbird, fonti huchaguliwa kwa kila kundi la maandishi: Kilatini, Kiarabu, maandishi mengine, na kadhalika. Anayebadilisha fonti ya kundi moja asishangae nyingine zikibaki kama zilivyo. Matoleo ya zamani yaliweka usimbaji wa kutuma na wa kupokea katika ukurasa huohuo. Ya karibuni hutuma kwa UTF-8 na kumwachia msomaji amri moja ya kurekebisha usimbaji wa barua iliyofunguliwa. Amri hiyo haiibadilishi barua, hubadilisha usomaji wake tu, na ndiyo inayoweza kuponya "â€™" na "�". Kwa "?" haina msaada.

Ritifaa nayo ina mpangilio wake. Kihariri cha Outlook ni kilekile cha Word, hivyo ubadilishaji wa ritifaa huzimwa katika chaguo za usahihishaji wa papo kwa papo, kwenye orodha ya mambo yanayobadilishwa wakati wa kuandika. Katika simu za iPhone huzimwa katika mipangilio ya kibodi, mahali penye alama za uakifishi zilizoboreshwa. Yafaa kusemwa kwamba kuizima hakumaanishi kukubali maandishi mabovu: tahajia ya Kiswahili haidai kupinda kwa ritifaa, na ng' iliyonyooka ni sahihi sawasawa na iliyopinda.

Wenye kutumia ujumbe mfupi wa simu wana sababu ya ziada, na hii ni ya fedha. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ukiwa ndani ya alfabeti fupi ya mtandao wa GSM, ambamo ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote huhamishiwa katika usimbaji mpana wenye nafasi 70, na maneno yaliyotosha ujumbe mmoja huhitaji mbili au tatu. Ng'ombe mmoja ndani ya tangazo la mnada hutosha kufanya hivyo.

Viambatisho vinastahili tahadhari hata pale barua yenyewe ilipopangwa vizuri, kwa kuwa mpangilio wa barua hauvihusu. Orodha ya majina iliyohifadhiwa kama faili la CSV kwa UTF-8, kisha ikafunguliwa katika Excel kwa kubofya mara mbili, mara nyingi husomwa kwa Windows-1252. Majina yenye ritifaa iliyopinda huharibika, yasiyo nayo hubaki salama, na mwenye orodha ndefu ya wanafunzi au wafugaji haoni kosa mpaka afike kwenye safu husika. Njia salama ni kuliingiza faili kupitia amri ya kuleta data na kutaja UTF-8, au kulihifadhi tangu mwanzo kama CSV ya UTF-8 yenye alama ya mwanzo inayotambulisha usimbaji.

6.0 Tasnifu Zilizochapwa kwa Fonti za Zamani

Kabla Yunikodi haijaenea katika kompyuta za kawaida, wanaisimu walihitaji herufi ambazo usimbaji wa wakati huo haukuwa nazo. Suluhisho lilikuwa fonti zilizodanganya: namba ilibaki ya herufi ya Kilatini au ya alama ya kawaida, lakini picha iliyochorwa ilikuwa ya herufi ya kifonetiki. SIL Doulos IPA93 ni mfano unaojulikana. Kwenye karatasi matokeo yalikuwa safi. Kwa mashine, mwandishi hakuwa ameandika ʊ hata mara moja. Alikuwa ameandika herufi nyingine iliyovishwa sura ya ʊ.

Kazi za namna hiyo zinapowekwa katika hazina za kielektroniki kama PDF, huonekana salama kwa kuwa PDF, tofauti na barua pepe, inaweza kubeba fonti ndani yake. Mtafiti aliyeko Utemini akinakili mfano wa Kinyaturu kutoka katika PDF hiyo na kuubandika katika barua kwa msimamizi wake, fonti hubaki nyuma na namba husafiri peke yake. Msimamizi anapokea mfululizo wa herufi usio na maana, au, kwa bahati mbaya zaidi, wenye maana nyingine. Kupanga UTF-8 hakusaidii hapa, kwa kuwa UTF-8 hupeleka kwa uaminifu kile kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikuwa irabu ya Kinyaturu. Kubadilisha fonti kunasaidia tu kwa yule mwenye fonti ileile ya zamani. Kilichobaki ni kuzigeuza namba zenyewe kwa jedwali la ulinganisho wa fonti hiyo na Yunikodi, kisha kuusoma kila mfano upya, ikiwezekana na mjuzi wa lugha.

Mtahini anaweza kulitambua tatizo hili kwa dakika chache. Anakili mstari mmoja wenye data kutoka katika tasnifu, anaubandika katika barua ya maandishi matupu, na kujitumia mwenyewe. Mstari ukirudi kama ulivyo kwenye ukurasa, data ya mstari huo ni ya Yunikodi na inaweza kutafutwa, kunakiliwa na kulinganishwa na za wengine. Ukirudi na visanduku, aongeze fonti na kujaribu tena. Ukirudi na herufi nyingine kabisa, basi kilichohifadhiwa katika hazina ni picha ya data, na faili la asili lafaa kuombwa kwa mwandishi mapema, kabla kompyuta iliyokuwa nalo haijabadilishwa.